Uhakiki wa Wafuasi wa Mwalimu Mbonea

Ipo nchi moja ambayo jina lake hatuwezi kulitaja hapa. Si kwa woga, la hasha. Ni kwa sababu shemeji wa waziri mmoja alilisajili kama chapa ya maji ya chupa, na sasa kila anayeliandika sharti alipie. Ni nchi nzuri, yenye milima miwili, bandari moja na wizara arobaini na moja. Kwa hesabu ya mwisho ina raia milioni kumi na mbili na watengeneza maudhui milioni kumi na nne, tofauti ambayo Wizara imeieleza vizuri kabisa: wako wenye kurasa mbili.

Katika nchi hiyo kila mtu anarusha video, na kumpata wa kuitazama ni kazi. Kinyozi anakunyoa nusu kichwa, anakuacha umekaa, anaweka simu sawa, ndipo anamalizia nusu ya pili akijirekodi. Mahakimu wana kurasa. Wachimba makaburi wana kurasa. Hata sisi tuandikao vitabu, ambao kwa miaka mingi hadhira yetu ilikuwa mhariri na jamaa wawili waliopewa nakala za bure, tulifungua ukurasa kwa mbwembwe, na wale jamaa wawili wakatufuata. Video zote hizo huenda mahali pamoja panapoitwa Jukwaa. Jukwaa ni mali ya wageni wanaokaa ng'ambo, ambako wao hulala sisi tukiamka, na pengine ndiyo maana hawajawahi kujibu barua ya mtu.

Miongoni mwa mabingwa wa Jukwaa alikuwa Mwalimu Mbonea, aliyefundisha kilimo katika shule ya sekondari kwa miaka kumi na tisa. Alikipenda kilimo kwa dhati. Alifungua ukurasa wake, akauita "Yajue Mahindi Yako", akawa anaeleza magonjwa ya mahindi kwa utaratibu, ugonjwa mmoja kila wiki. Baada ya mwaka mzima video zake zilikuwa zinatazamwa mara arobaini na moja, na yeye mwenyewe alikiri kwamba thelathini kati ya hizo zilikuwa zake, akihakiki kama zimefika.

Kisha asubuhi moja, akiwa ameinama shambani kueleza viwavijeshi, mbuzi dume wa jirani alimjia kwa nyuma. Kufikia jioni watu milioni tatu walikuwa wamemwona Mwalimu akiruka matuta mawili na kutua kwenye la tatu. Hakuna aliyeuliza habari za viwavi.

Mwalimu alijua fika kwamba amedhalilika. Lakini milioni tatu ni milioni tatu, na kichwa kikamvimba. Mwezi ule ule aliacha kazi, kwa barua aliyoiambatanisha na picha yake, akaenda kumnunua yule mbuzi.

Kwa miaka miwili alipigwa pembe kila Jumanne na Ijumaa. Mwanzoni alikuwa akianza na somo kwanza, akitumaini kwamba angalau mtu mmoja angelisikiliza kabla ya mbuzi kufika. Jukwaa likamtumia ushauri kwamba aziondoe sekunde kumi na nane za mwanzo, na yeye akaziondoa. Video ya sitini na tatu ilitazamwa mara milioni tisa. Baada ya Jukwaa kukata fungu lake, benki ya ng'ambo kukata lake, benki ya hapa kukata lake, na serikali kuchukua Kodi ya Kuonekana, kilichobaki kilitosha trei moja ya mayai. Akairekodi trei.

Nyonga ya kushoto ikaanza kulia kama bawaba ya mlango. Daktari wa zahanati alimweleza kwa upole kwamba kishindo kimoja kikubwa tena kingemweka kwenye mkongojo maisha yake yote, kisha akaomba wapige picha ya pamoja. Wiki hiyo hiyo Jukwaa likatuma ujumbe mwingine. "Habari, Mbonea! Watazamaji wako wameanza kumchoka mbuzi. Jaribu mnyama mkubwa zaidi." Mwalimu aliusoma akiwa amekalia mto.

*

Alikuwa na siri moja, ambayo aliwaficha hata watengeneza maudhui wenzake. Alikuwa na watu ishirini na watatu.

Ilianza kwa Bi. Kemilembe, mjane mkulima wa nyanda za juu. Bibi huyu aliitazama ile video ya kwanza mara tatu, na si kwa ajili ya mbuzi. Aliipata namba ya Mwalimu kwenye tangazo la dawa ya kuchua lililotumia picha yake, akamwandikia: "Pole kwa kupigwa. Ulikuwa unasema nondo wa viwavi wanataga upande gani wa jani, ndipo mnyama akakukatiza." Mwalimu aliposoma maneno hayo machozi yalimtoka. Katika watu milioni tatu, huyu alikuwa wa kwanza kugundua kwamba alikuwa anaongea.

Akamjibu kwa sauti, dakika kumi na moja. Wiki iliyofuata lilikuja debe la maharage kwa basi, na namba ya jirani. Jirani akamleta kaka yake, kaka akaleta kikundi chake cha kanisani. Mwisho wakafika ishirini na watatu katika kundi moja la simu, na kila Jumatatu alfajiri, kabla hawajaenda shambani, Mwalimu aliwatumia somo la sauti la dakika kumi. Wao walimtumia picha za majani. Mwisho wa mwezi kila mmoja alimtumia kiasi walichokubaliana, na aliyekuwa na mavuno mabaya alituma mayai au asali. Mmoja alituma bata hai, mwenye jina la Mwalimu limefungwa mguuni. Hakuna aliyekaa katikati akakata chake.

Mkewe, Nakiete, aligundua kabla yake ni nani wanaoilisha nyumba, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akipika.

"Baba Elinami," alimwambia, "hao ishirini na watatu ndio wanaotulisha. Hao wafuasi laki nne wa Jukwaani ndio wanaokuvunja nyonga."

Mwalimu alikubali, ila hakumwambia mtu. Kwenye tafrija za watengeneza maudhui mtu huulizwa idadi ya wafuasi kwanza, jina baadaye. Utasimamaje pale na glasi ya juisi useme una ishirini na watatu? Afadhali mbuzi. Tungemcheka zaidi, lakini na sisi tukiulizwa vitabu vyetu vimeuza nakala ngapi huwa tunajibu kwamba hilo ni swali zuri sana.

*

Wakati huo ndipo Mheshimiwa Dokta Chambulikasi, Waziri wa Maudhui, Umaarufu na Mambo Yanayovuma, alipozindua Sera ya Ukombozi wa Hadhira.

"Mkoloni aliondoka na bendera yake," alisema katika saa ya pili ya hotuba, "lakini amerudi kuchukua macho yetu. Serikali inasema sasa basi. Macho ya wananchi yarudi nyumbani."

Makofi yalipigwa kwa muda uliopangwa. Hotuba ilirushwa mubashara kupitia Jukwaa, kwa kuwa Wizara haikuwa na njia nyingine.

Sera yenyewe ilikuwa hivi. Mtengeneza maudhui yeyote anayepokea chochote kutoka kwa hadhira yake nje ya Jukwaa sharti awe na Leseni ya Hadhira Huru. Asiyekuwa nayo, alichopokea ni mchango haramu. Aliyetoa na aliyepokea watashtakiwa pamoja, na mpokeaji atarudishwa Jukwaani kwa malezi. Ili kupata leseni, mwombaji angetaja kwenye fomu idadi ya hadhira yake, kisha siku ya uhakiki hadhira hiyo ingeletwa mbele ya serikali ikiwa hai, kama wanavyohakikiwa wastaafu. Kila shabiki angekuja na kitambulisho, picha mbili zenye mandhari ya bluu, na barua ya mjumbe wa nyumba kumi kuthibitisha kwamba anashabikia akiwa na akili timamu. Waliofika wakilingana na waliotajwa, leseni inatolewa. Pakikosekana mtu bila udhuru wa maandishi, hakuna leseni.

Mwalimu Mbonea alienda kujaza fomu siku ya kwanza. Dirishani alimkuta Bwana Ngwanda, afisa uhakiki, mtu mpole mwenye mihuri saba.

"Andika ulionao, Mwalimu," Bwana Ngwanda alimwambia. "Sheria haina kiwango cha chini. Hata wawili wanatosha."

Mwalimu akaishika kalamu. Akaandika jina, akaandika mtaa. Alipofika kwenye idadi ya hadhira alihisi mtu anapumua begani mwake. Alikuwa Dada Mawigi, msichana maarufu anayebadilisha mawigi arobaini kwa dakika moja, amenyoosha shingo kusoma fomu ya mwenzake. Mwalimu alijua jibu. Lilikuwa na tarakimu mbili tu. Mkono wake ukaandika laki nne na kumi na mbili elfu.

Akili ilimrudia akiwa kwenye ngazi. Alipanda tena mbio, nyonga ikilia, akaomba asahihishe. Bwana Ngwanda alimwonyesha fomu kwa masikitiko.

"Muhuri ukishagonga, namba inakuwa mali ya serikali."

Mwalimu alirudi nyumbani akamweleza Nakiete kila kitu, na aibu ilimshika kiasi kwamba aliyasema yote akiutazama ukuta. Amejipalia makaa kwa mkono wake mwenyewe. Leseni ikikosekana, kundi linafungwa, wajane wa watu wanaitwa polisi kwa kosa la maharage, na yeye anarudishwa Jukwaani, ambako kinachomsubiri ni mnyama mkubwa zaidi.

Wizara, kwa upande wake, ilifurahi mno. Haijawahi kupata hadhira ya laki nne. Uwanja wa Taifa unaingiza watu elfu thelathini, kwa hiyo kamati ilikaa siku tatu na kuamua kwamba wafuasi wa Mwalimu wataingia kwa zamu kumi na nne. Zabuni zikatangazwa za mahema, viti na vyoo, zikafungwa siku hiyo hiyo.

*

Jumamosi saa tatu asubuhi, Mwalimu alifika uwanjani akakuta watu kama mia sita. Moyo ulimruka kwa furaha. Halafu akaona vijiti vya selfi. Wote walikuwa watengeneza maudhui, wamekuja kurekodi hadhira. Walikuwa wakirekodiana wao kwa wao, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye shabiki.

Bwana Ngwanda alipita na daftari akiwauliza mmoja mmoja. Kila mmoja alijibu kwamba yeye si shabiki, yeye ni mwenzake Mwalimu katika fani. Bwana Ngwanda aliwakata wote kwa mujibu wa kanuni, isemayo kwamba mtengeneza maudhui hawezi kuhesabiwa kuwa hadhira, kwa kuwa hajawahi kutazama video ya mtu mwingine mpaka mwisho.

Ndipo langoni ikaonekana foleni fupi. Walikuwa ishirini na wawili, wamevaa nguo za kwendea kanisani na msikitini, mikononi wana vitambulisho, picha za bluu na barua za wajumbe. Wa ishirini na tatu alituma udhuru: ng'ombe wake alikuwa anazaa, na barua ya mjumbe ilithibitisha ng'ombe. Hawakuwahi kuonana na Mwalimu ana kwa ana. Walimtambua, wakamsalimia, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Kwa miaka miwili hakuna mtu aliyemtazama usoni bila kuchungulia kwanza nyuma yake, na Mwalimu alijikuta hajui aweke wapi mikono.

Waziri alipopanda jukwaa kuu na kuuona uwanja, uso ulimshuka. Msaidizi alimnong'oneza kwamba Jukwaani wapo laki mbili wanasubiri matangazo, na wameanza kuondoka. Waziri akaagiza Mwalimu aletwe, wakazungumza pembeni kwa sauti ya chini.

"Umeidanganya serikali kwa watu laki nne na ushee," alisema. "Ni kosa kubwa. Lakini serikali ni mzazi. Tumemleta fahali kutoka Shamba la Mifugo la Taifa. Simama pale katikati, uiname kama kawaida yako. Dakika moja tu, tupate watazamaji. Leseni yako ninayo hapa mfukoni."

Mwalimu aliwatazama wale ishirini na wawili, waliokuwa wamekaa chini kwa adabu kwenye uwanja mtupu. Wangeshtakiwa kwa ajili ya tarakimu zake. Akapiga moyo konde, akakubali. Alipokuwa akitembea kuelekea katikati, kipaza sauti kimebanwa kwenye kola ya shati, alijiona shujaa anayejitoa kwa ajili ya watu wake, na wazo hilo likampendeza sana, kisha akaona haya kwa kupendezwa. Akafika, akageuza mgongo. Nyuma yake alisikia lango la chuma likifunguliwa.

Bi. Kemilembe hakuambiwa lolote kuhusu fahali. Alichoona ni Mwalimu amesimama peke yake bila shughuli. Akainuka, akavuka mstari mweupe, akamfuata.

"Shikamoo, Bi. Kemilembe," Mwalimu alisema. "Rudi kukaa, tafadhali."

"Marahaba. Hebu liangalie hili jani kwanza, nina basi la saa saba."

Akalifungua gazeti lililoloweshwa maji. Ndani mlikuwa na jani la muhindi lenye umanjano ulioanzia kwenye ncha na kushuka katikati kufuata uti. Alisema duka la pembejeo limemuuzia dawa mara tatu, amepulizia mpaka kifua kinambana, na bado. Mwalimu alitaka kumwambia akimbie. Lakini jicho lake lilikuwa limeshaliona jani. Alivaa miwani. Aliuliza kama yanayoanza ni majani ya chini au ya juu. Ya chini. Aliuliza shamba hilo limelimwa mahindi misimu mingapi mfululizo. Saba. Akainama, akaanza kuchora kwa kidole kwenye udongo wa Uwanja wa Taifa.

Fahali alifika. Chakula chake kimetengewa fungu katika bajeti kila mwaka, fungu nono, na fahali mwenyewe alikuwa na mbavu zilizoweza kuhesabiwa kutoka viti vya nyuma. Hakuja kupiga mtu. Alinyoosha ulimi kulifuata lile jani. Mwalimu, bila kugeuka, aliusukuma uso wake kwa kiwiko, kama anavyosukumwa mtu anayeruka foleni, akaendelea kuchora. Fahali akasubiri.

"Mahindi yako hayaumwi," Mwalimu alisema, na kipaza sauti kikayasambaza maneno uwanja mzima. "Yana njaa."

Sharti tueleze kwamba neno hilo lilikuwa limestaafishwa rasmi miaka miwili nyuma kwa tangazo la gazeti la serikali, baada ya jambo lenyewe kutokomezwa. Fundi mitambo alirukia swichi na matangazo yakakatika. Watengeneza maudhui mia sita wakashusha simu zao, kwa sababu hakuna aliyeanguka. Dada Mawigi aliuliza kama onyesho limeshaanza. Wale wengine ishirini na mmoja wakasogea, wakakaa kwenye nyasi kumzunguka Mwalimu, wakafungua magazeti yao, naye akafundisha mpaka saa saba kasorobo.

*

Barua ya Wizara ilikuja Jumatatu. Ilisema kwamba hadhira ya mwombaji imepungua kwa watu 411,977, na kwamba ametumia neno lililostaafishwa mbele ya Waziri. "Kwa hiyo Wizara imejiridhisha kwamba wewe si mtengeneza maudhui, hujawahi kuwa, na wote waliokutazama walikutazama kwa makosa. Jina lako limefutwa." Jukwaa nalo liliombwa limfute, likajibu ndani ya dakika nne.

Mwalimu alikwenda dirishani akiwa ameishikilia barua kwa mikono miwili. Bwana Ngwanda aliisoma, akachungulia kushoto na kulia.

"Mwalimu, una bahati ya mtende," alisema. "Sheria inawabana watengeneza maudhui. Wewe si kitu. Watu wakikutumia maharage, hao ni watu wanaojuana tu. Hakuna leseni, hakuna kodi, hakuna kesi. Nenda nyumbani."

Mtu mwingine angecheza pale pale. Mwalimu Mbonea aliuliza kama hakuna cheo cha chini kidogo. Mtengeneza maudhui msaidizi, kwa mfano, au wa muda. Bwana Ngwanda alimtazama kwa huruma, akamwambia rufaa hupokelewa hapo hapo mpaka Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Ikimpita hiyo, atabaki si kitu moja kwa moja.

Aliiandika rufaa kwa siku tatu, kurasa saba, na kiambatisho cha video zote mia mbili na ushee kwa tarehe na kimo alichorushwa.

"Baba Elinami," Nakiete alisema, "umeachiwa huru, na wewe unakata rufaa? Ukishinda si wanakurudisha kwa yule fahali?"

Mwalimu alisema ni suala la heshima. Nakiete aliendelea kuchambua maharage.

Ijumaa saa nane na robo alikuwa amefika kwenye ngazi za Wizara, amevaa suti, bahasha kwapani, na simu ikaita. Alikuwa yule wa ishirini na tatu, mwenye ng'ombe. Aliomba radhi kwa kutofika uwanjani. Ndama ni jike, mzima. Wenzake walimsimulia somo, lakini hakuelewa samadi iwekwe umbali gani na shina. Swali la nusu dakika, Mwalimu akaona, akakaa kwenye ngazi ili ajibu upesi. Ila umbali unategemea samadi imeoza kiasi gani. Kuoza kunategemea imefunikwa vipi. Na shamba lina mteremko? Mtu wa ng'ombe akasema lina mteremko mkali, na hapo Mwalimu akaiweka bahasha chini ili apate mkono.

Saa tisa na nusu kamili Bwana Ngwanda alianza kushusha kipazia cha dirisha. Alimwona Mwalimu pale ngazini, akaiona na bahasha, akasita. Mwalimu alimwinulia mkono kumwomba asubiri kidogo, kisha, kabla hata hajaushusha, akautanua mkono ule ule hewani kuonyesha urefu wa shubiri moja kutoka kwenye shina, ingawa mtu wa upande wa pili hakuweza kuuona.